Mwili haujui mlango wa ofisi

Ndugu mhariri,

Juma hili mmetuuliza: je, mfanyakazi aache shida za nyumbani mlangoni anapoingia kazini? Hapana. Swali hili linanichoma, kwa sababu mara nyingi anayeuliza ni shefu, yaani mkubwa wa kazi, na anayebebeshwa jibu ni mfanyakazi. Afadhali tuulize kwanza mwili unafanya nini, maana mwili haujui mlango wa ofisi.

Mtu akiogopa, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, homoni ya hofu. Moyo huenda mbio, sukari hujaa damuni, tumbo hukataa chakula. Nyuma yake huja kotisoli, homoni nyingine ya msongo, ambayo hata chanzo kikiisha huchukua saa moja na zaidi kupungua nusu. Ugomvi wa kodi ya nyumba wa saa kumi na mbili asubuhi bado umo damuni saa mbili, karatasi zikiwa mezani.

Goma, mashariki mwa Kongo, tuliliona hilo Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22, lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Walio mbali walidhani yameisha. Kumbe ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, kuta zikapasuka, nyufa zikatokea hata barabarani, watu wakalala nje. Alfajiri ya tarehe 27 ikatoka amri: kartie (mitaa) 10 kati ya 18 zihame. Magodoro kichwani, watoto mgongoni, njia ya Sake ikajaa. Wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Lava ilitisha mara moja. Mitetemeko iliamsha hofu mpya kabla ile ya jana haijashuka. Ndiyo maana wengi walirudi Juni wakiwa wazima wa viungo, lakini lori zito likipita tu, wanashtuka. Kumwambia mtu wa hivyo aache shida zake nje ni kumwonea.

Kinachosaidia kipo. Vuta hewa puani kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, dakika 5. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa mno: kizunguzungu kinaanza, vidole vinakufa ganzi, kwa kuwa kaboni dioksidi imepungua damuni. Vuta kidogo, toa polepole. Kahawa ikome saa sita mchana. Ile ya saa kumi, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tatu usiku. Bia ya Primus au kasiksi, pombe ya ndizi, huleta usingizi, kisha huukata katikati ya usiku.

Halafu dakika 20 za kutembea kwa miguu kati ya kazi na nyumba. Kupanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hakuhesabiwi: mgongoni mwa dereva, mwili bado unapigana na barabara.

Hapa naona nimejipinga. Kama dakika 20 zinashusha hofu, basi mlango upo, ila uko njiani. Kwa hiyo jibu langu linageuka kuwa ndiyo, kwa masharti. Mshahara ulipwe, kwani hakuna pumzi inayolipa kodi. Njia iwe salama, jambo ambalo jioni si la kila kartie. Na aliyekosa usingizi majuma mawili mfululizo, au anayewaza kufa, asihangaike na haya peke yake: aende kituo cha afya, au kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu hapa Goma, akiongozana na mtu wa nyumbani.