Kosta Rika na watoto: punguza vituo, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unaniuliza kama siku kumi za mwezi wa saba zinatosha kuwapeleka Juma na Asha Kosta Rika, waone msitu na waogelee baharini, na umeniandikia mnakotaka kufika: Tortuguero, Arenal, Monteverde, Manuel Antonio, kisha Corcovado. Siku zinatosha. Orodha ndiyo imezidi.

Ramani ya nchi ile inadanganya. Ni kilomita za mraba 51,100 tu, ukiitazama unadhani kila mahali ni pua na mdomo. Lakini katikati yote ni milima, na barabara zinapanda, zinashuka, zinapinda. San José hadi La Fortuna, chini ya mlima Arenal, ni saa tatu hivi, na kwenye ramani ni kipande kisichofika urefu wa kidole. Sasa mfikirie Asha, na tumbo lake lile la safarini, kona baada ya kona, kisha kesho yake mnafunga tena mabegi. Mimi ningeweka vituo viwili tu: Arenal kwa ajili ya msitu, na Sámara, ufuko wa pwani ya Pasifiki usiokuwemo kwenye orodha yako, kwa ajili ya bahari.

Usiwaahidi watoto kuona moto, lakini. Arenal ni volkano; ulilipuka mwaka 1968 ukaendelea kutema hadi 2010, na tangu hapo umetulia. Ulichowaachia wageni ni maji ya moto yanayotoka ardhini, ambayo Asha hatataka kutoka humo, na msitu wenyewe. Asubuhi ya kwanza kabisa mchukueni mwongoza watalii. Najua Baba Juma atasema macho anayo. Atapita chini ya slothi, yule mnyama wa mitini aendaye polepole mno, na asimwone, kwa sababu mnyama yule hajifichi, ila hasogei tu. Mwongozaji ataitega darubini yake ya miguu mitatu na kuielekeza juu ya mti; utakachoona kwanza ni kama fundo la majani makavu, halafu fundo linageuza shingo taratibu na kukutazama. Manyoya yake yana rangi ya kijani kwa mwani unaoota humo, na ndani ya manyoya hayo kuna nondo wanaoishi. Yule mwenye vidole vitatu hushuka chini mara moja hivi kwa wiki, kwenda haja. Mwambie Juma hilo la mwisho, uone kama atakubali kuondoka chini ya mti.

Monteverde ni pazuri, ila ni baridi na ukungu, na kwa safari hii mtakuwa mmeshauona msitu. Hifadhi ya Corcovado haingiliki bila mwongozaji aliyeidhinishwa, na kutembea kwake ni kwa watu wenye miguu mirefu. Ngojeni watoto wakue. Hifadhi ya Manuel Antonio hufungwa Jumanne, tiketi hununuliwa mapema mtandaoni, na wale tumbili wake wamezoea kupekua mikoba ya watu.

Tortuguero najua itakuuma. Mwezi wa saba ndipo kasa wa kijani wanaanza kupanda ufukweni kwa wingi kutaga mayai. Lakini hakuna barabara ya kufika, ni boti au ndege ndogo, na bahari ya upande ule, wa Karibi, ni kali, si ya kuogea. Kasa wenyewe hutazamwa usiku, mkiongozwa, bila kupiga picha, mkitembea kimya mchangani. Asha kimya? Gizani? Hapana, mwanangu. Karibu na Sámara kuna Ostional, ambako kasa wa aina nyingine hutoka majini kwa maelfu, mara nyingi katika siku za mwezi kufifia. Tarehe zikiangukia hapo, Juma aende na baba yake, wewe ubaki umelala na Asha. Waulize wenyeji kwanza hali ya barabara, maana mvua ikinyesha mito ya njiani hujaa.

Ndiyo, mvua itakuwepo. Pwani ya Pasifiki kiangazi chake ni Desemba hadi Aprili. Lakini Julai mvua huwa inapumzika kidogo, na hata ikinyesha, mara nyingi husubiri alasiri. Basi fanyeni kila kitu asubuhi. Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza linaingia upesi. Hakikisheni wakati huo gari limeshaegeshwa.

Sámara nimeichagua kwa sababu ya mwamba ulio mbele ya ghuba yake. Mawimbi yanavunjikia huko nje, yakifika ufukweni yamechoka. Fukwe nyingi nyingine za Pasifiki zina mikondo inayovuta mtu kwenda kilindini, na waokoaji ni wachache. Mfundisheni Juma kabla hamjaondoka: maji yakikuvuta usipigane nayo kurudi ulikotoka, ogelea sambamba na ufuko mpaka uhisi yamekuachia, ndipo ugeuke. Tena Pasifiki hujaa na kupwa kwelikweli, tofauti inafika karibu mita tatu wakati wa bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Taulo mliloliacha mchangani saa tatu, saa sita huenda lisiwepo.

Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitawasaidia. Dawa ya kupaka iwe mkobani muda wote. Mkiwa mmetokea nchi yenye homa ya manjano mtaulizwa cheti, na chanjo inatakiwa iwe imechomwa siku kumi au zaidi kabla. Vyenu vya zamani bado vinafaa: tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Kuhusu ndege, ingieni kwa San José mtokee Liberia, mji wa huko huko Kosta Rika, si ile nchi ya Afrika. Kutoka Sámara hadi Liberia ni saa mbili hivi, wakati kurudi San José kutawamalizia siku nzima ya mapumziko. Hata tiketi ikizidi kidogo, lipeni tu. Ukishapata tarehe nitumie kabla hujalipia hoteli, niangalie bamvua inaangukia lini.

Mama yako