Maswali yenu: siku za kwanza baada ya kushonwa kidonda cha tumbo kilichotoboka

Daktari, kaka yangu alitoboka kidonda cha tumbo, kashonwa jana kwa upasuaji wa kamera, kupitia matundu madogo ya ngozi. Leo muuguzi kampa maji. Mshono hautafumuka?

Maji hayaufumui. Tundu la kidonda hushonwa, kisha hufunikwa na kipande cha utandu wa mafuta ulio humo humo tumboni, na kiraka hicho hakingoji njaa ndipo kishike. Desturi ya kumfungisha mgonjwa siku nne au tano ilianza kutiliwa shaka miaka ya 1990, daktari mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark alipoonyesha kwamba waliopasuliwa utumbo mpana, wakilishwa na kutembezwa mapema, hurudi nyumbani mapema. Anza na mafunda machache ya maji. Yakitulia, chai ya rangi isiyokolea, kisha uji mwepesi, baadaye mtori. Tumbo likijaa kama ngoma, au akitapika, acha na umwite muuguzi. Aliyefika hospitali kachelewa, presha ikiwa chini, au mwenye tundu kubwa, hakimbizwi hivyo.

Kapasuliwa tumbo, mbona analalamika bega?

Ni gesi ya kabonidioksidi iliyotumika kulipandisha tumbo ili kamera ione. Hukera kiwambo (msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo), na neva ya kiwambo hutokea shingoni, jirani na zile za bega, ubongo unachanganya. Huisha ndani ya siku mbili tatu. Bega likiambatana na homa au pumzi fupi, hiyo si gesi tena.

Nimnunulie diklofenaki ya maumivu?

Hapana, hata ya sindano. Dawa hiyo, ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo kupitia damu, kwa hiyo kukwepa mdomo hakusaidii. (Anayemeza aspirini ya moyo asiikatishe mwenyewe, aulize.) Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi na ini zima hupewa parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mofini hubaki akiba, maana hulaza utumbo.

Mipira ya puani na ya mkojo imetolewa mapema, na wanamwamsha atembee. Si mateso?

Mpira wa puani ukikaa bila sababu humfanya aogope kukohoa. Makohozi yanakwama, nimonia inaingia. Anapoamka, ageukie ubavu, ajisukume kwa kiwiko, akumbatie mto tumboni anapokohoa. Cha kuogopa ni mapigo ya moyo kuzidi 100 akiwa ametulia, homa ya 38, tumbo kukakamaa: huenda kiraka kinavuja.

Kwa hiyo vidonda vimekwisha?

Kimezibwa tundu tu. Apimwe bakteria wa *Helicobacter pylori*. Akiwa naye, atameza dawa mchanganyiko, mara nyingi siku 14. Kipimo cha marudio kinafanywa wiki 4 au zaidi baada ya antibiotiki kuisha, omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) ikiwa imesimamishwa wiki 2 kwa ruhusa ya daktari; bila hivyo majibu hudanganya. Kama kidonda kilikuwa kwenye mfuko wa chakula wenyewe, si mwanzo wa utumbo mwembamba, apigwe kamera ya kupitia mdomoni baada ya wiki 6 hadi 8 na kukatwa vinyama vya kupima, kwa sababu saratani nayo hutoboa.