Konsoli ya seva: kuza herufi kabla mambo hayajaharibika

Seva yetu ipo Chake Chake, mie nipo Mjini Unguja. Siku za kawaida naingia kwa SSH, njia ya kuiendesha seva kutoka mbali, wala sina habari na konsoli, yaani skrini ya maandishi ya kule. Skrini ile hutazamwa siku seva imegoma tu, na anayeitazama si mimi, ni Ami mtunza stoo.

Asubuhi moja umeme ulikatika na kurudi mara 3, seva ikakataa kuwaka. Nikapiga simu. "Ami, nisomee mstari wa mwisho." Kimya. Kisha: "Mwanangu, hapa naona sisimizi wamejipanga. Ngoja nitafute miwani." Aliporudi akanisomea kwamba inayotaka fsck, yaani kukaguliwa na kutengenezwa, ni sda8, sehemu ya 8 ya diski. Diski yenyewe nimeigawa sehemu 3! Ilikuwa sda3. Kazi ya dakika 2 ikala salio la simu karibu saa nzima.

Kosa langu. Tulinunua skrini mpya ya nukta 1920 kwa 1080, fonti nikaiacha ileile ya 8x16, yaani kila herufi nukta 8 kwa upana na 16 kwa urefu. Piga hesabu: mistari 67, kila mmoja nafasi 240 za herufi. Konsoli za zamani zilikuwa mistari 25 ya herufi 80, hata mtu mzima akisoma bila taabu.

Kwenye Debian, Linux ya seva yetu, andika `sudo dpkg-reconfigure console-setup`, chagua UTF-8, fonti ya Terminus, ukubwa 16x32. Unabaki na mistari 33 ya herufi 120. Majibu yako hukaa kwenye `/etc/default/console-setup`. Ila usiendeshe `setupcon`, amri ya kuyatumia majibu hayo, ukiwa ndani ya SSH. Itakwambia haupo kwenye konsoli na haitagusa kitu. Mie nilihangaika na lile faili nusu saa nikidhani nimekosea herufi.

Tatizo ni kwamba fonti hiyo inaweza kuchelewa kupakiwa, na ujumbe aliousoma Ami hutoka mapema, mfumo haujamaliza kuwaka. Kwa hatua hiyo nilipunguza skrini yenyewe: fungua `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, ongeza `video=1024x768` ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX, kisha `sudo update-grub`. Kwenye skrini pana herufi zinaweza kuvutika kwa upana. Hazipendezi, zinasomeka.

Hapohapo ongeza `consoleblank=0`. Keneli (kiini cha Linux) za zamani huzima skrini zenyewe kibodi isipoguswa kwa dakika 10. Ami aliwahi kukuta skrini nyeusi, akajua seva imekufa, akabonyeza swichi katikati ya kunakili data. Simlaumu; hata mie ningebonyeza.

Wa FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux, nyinyi mna `vidcontrol -f` ya kubadili fonti, na ya kudumu mnaiweka kwenye `allscreens_flags` ndani ya `/etc/rc.conf`.

Nilipomaliza, nikamwomba Ami asimame mlangoni, miwani mfukoni, anisomee.

"Login," akasema. "Na pembeni pana kijistari kinapepesa."