Maswali ya Wasomaji: Programu Zimejificha Wapi?

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu muhtasi katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, na tangu nianze kazi nimekuwa nikitumia Windows. Mwezi uliopita tuliletewa kompyuta tatu zilizokwisha kutumika, zote zikiwa na mfumo wa Ubuntu 22.04 badala ya Windows. Ninapoiwasha yangu naona saa juu, aikoni chache upande wa kushoto, basi. Sioni kitufe cha kuanzia wala orodha ya programu. Juzi nilitakiwa kuskani barua ya mkuu wa shule. Nilihangaika nusu saa, hatimaye nikaipeleka steshenari. Je, programu zimo, au tumeletewa kompyuta tupu?

JIBU: Ndugu msomaji, kompyuta yako si tupu. Ubuntu 22.04 ikisakinishwa kwa njia ya kawaida huja na programu ya kuskani, pamoja na LibreOffice ya kazi za ofisi, kikokotoo na nyingine nyingi. Kilichokupoteza ni eneokazi lenyewe, yaani mpangilio wa aikoni, menyu na madirisha unaouona kwenye skrini, ambalo huitwa GNOME. Mwezi Aprili 2011, toleo la GNOME 3 liliacha menyu ya kushuka ambayo watu walikuwa wameizoea, na tangu Oktoba 2017 Ubuntu imekuwa ikitumia GNOME hiyo kama eneokazi lake la kawaida. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeiondoa orodha unayoitafuta. Imewekwa mahali ambapo mtu aliyetoka Windows hana sababu ya kupaangalia.

Tuanze na barua ya mkuu wa shule. Bonyeza mara moja, kisha achia, kile kitufe cha kibodi chenye nembo ya Windows, ambacho watumiaji wa Linux, familia ya mifumo ambayo Ubuntu ni mmojawapo, hukiita Super. Madirisha yaliyo wazi yatasinyaa, na juu kutatokea kisanduku cha kutafutia. Usiguse kipanya, wala usihangaike kubofya ndani ya kisanduku. Andika tu “scan”. Kabla hujamaliza neno utaona aikoni iliyoandikwa Document Scanner, nawe utabonyeza Enter. Jina halisi la programu hiyo ni simple-scan, lakini angalia kwamba hukuhitaji kulijua.

Hapo ndipo penye jambo ninalotamani kila mgeni wa Linux alishike mapema: tafuta kwa kutaja kazi unayotaka kufanya, si jina la programu. Karibu kila programu yenye dirisha huja na faili dogo la maandishi ambalo jina lake huishia na .desktop, na mengi ya mafaili hayo hukaa katika folda ya /usr/share/applications. Ndani yake programu hujitambulisha kwa jina, kwa maelezo mafupi ya kazi yake, na mara nyingi kwa maneno kadhaa ya kutafutia. Eneokazi huyasoma yote. Ndiyo maana ukiandika “arithmetic” utaletewa kikokotoo, ingawa neno hilo halimo katika jina lake. Na ukiandika “Excel” utaletewa LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu, kwa sababu waliolitunga faili lake walitambua kuwa watu watakuja wakiliulizia jina hilo. Hata hesabu yenyewe unaweza kuiandika papo hapo: bonyeza Super, andika 185000*12, na jibu la 2220000 litatokea bila ya kikokotoo kufunguliwa. Zingatia tu kwamba maneno haya hufuata lugha ya kompyuta. Ikiwa yako imewekwa kwa Kiingereza, kuandika “kikokotoo” hakutakuletea kitu.

Kutafuta, hata hivyo, humfaa anayejua anachokitaka. Wewe ungali mgeni, na unastahili kuitembelea nyumba nzima. Chini kabisa ya ule upau wa kushoto kuna alama yenye nukta tisa. Ibofye, au bonyeza Super pamoja na herufi A, na programu zote zitatandazwa mbele yako katika kurasa. Wengi hutazama ukurasa wa kwanza na kurudi. Pitia kurasa zote, kisha fungua na kile kisanduku kilichoandikwa Utilities, maana ndani yake kuna programu ambazo watu huziulizia kila siku wakidhani hawana. Tenga jioni moja, ufungue usizozijua na kuzifunga. Kufungua peke yake hakuharibu kitu, ila programu iitwayo Disks iache kwa sasa, kwani ndiyo inayofuta na kugawa diski, na ukibonyeza vitufe vyake bila kujua unaweza kupoteza mitihani ya shule nzima. Programu utakazozihitaji kila siku, vuta aikoni zake uziweke kwenye upau wa kushoto. Kuanzia hapo zitakuwa mbele ya macho yako kila unapoiwasha.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo jijini Mombasa na ninatumia Kubuntu. Nilipakua programu ikiwa imebanwa katika faili la tar.gz, nikaifungua kwenye folda yangu, nayo inafanya kazi vizuri nikiibofya humo. Lakini kwenye menyu haipo, hata nikiliandika jina lake kamili. Nimekosea wapi?

JIBU: Hukukosea popote. Kubuntu ni Ubuntu ileile, ila hutumia eneokazi la KDE Plasma, ambalo lina menyu iliyopangwa kwa makundi, lakini nalo hutegemea mafaili yaleyale ya .desktop niliyomweleza msomaji wa Morogoro. Programu uliyoichukua dukani mwa mfumo huja na faili lake. Hiyo yako uliifungua tu kwenye folda, kwa hiyo hakuna aliyeitambulisha kwa eneokazi, na menyu haiwezi kuonyesha isichokijua.

Itambulishe mwenyewe. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya aikoni ya menyu, pale kwenye kona ya chini kushoto, uchague Edit Applications. Katika dirisha litakalofunguka chagua kwanza kundi linalofaa, tuseme la elimu, kisha ongeza kipengele kipya, ukipe jina, na katika nafasi ya maelezo uandike programu inafanya kazi gani, kwa maneno ambayo wewe mwenyewe ungeyatumia kuitafuta. Mwisho onyesha mahali programu ilipo, uhifadhi. Plasma itakutungia faili na kuliweka ndani ya folda yako ya nyumbani, katika .local/share/applications, bila kuhitaji nywila ya msimamizi.

Njia ya kufikia programu iandike kamili, kuanzia /home, wala usitumie ile alama ya kiwimbi (~) ambayo terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, huielewa kuwa ni folda yako ya nyumbani. Kabla ya yote hayo, iondoe folda hiyo kwenye vipakuliwa uiweke mahali pa kudumu, kwa sababu ukiihamisha baadaye aikoni itabaki kwenye menyu lakini haitafungua kitu.