"Ilichaji" au "ilichajiwa"? Na hilo "polepole" limetoka wapi?

SWALI: Katika maelezo ya somo la umeme nimekuta sentensi hii: "Tulipowasha swichi, kapasita ilichaji polepole kupitia rezista hadi ikajaa." Mwenzangu anashikilia kwamba ingeandikwa "ilichajiwa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Betri huchaji, kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, huchajiwa. Hata hivyo, sote tunasema "simu inachaji" na hakuna aliyewahi kudhani kwamba simu ndiyo inayotia umeme ukutani, kwa hiyo kwenye mazungumzo simshtaki mtu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waingereza, na asili yake ya mbali ni Kilatini cha kupakia mzigo kwenye mkokoteni. Hayo yametosha.

Sasa turudi kwenye sentensi yenu, maana mmegombania kiambishi huku kosa lenyewe limekaa katikati, limetulia kabisa: "polepole". Kila anayeeleza kapasita hulichomeka hapo, nami kila nikiliona nakuna kichwa.

Chukua betri ya volti 9, rezista (kifaa kinachobana mkondo wa umeme) ya omu 10,000 na kapasita tupu ya mikrofaradi 100, yaani faradi 0.0001. Washa swichi. Papo hapo mkondo unakuwa miliampea 0.9, na hautafika tena hapo mpaka mwisho wa kazi. Katika sekunde ya kwanza kapasita inapanda kutoka sifuri hadi karibu volti 5.7. Ya pili inaongeza volti 2.1 tu. Ya tatu, hata volti 0.8 haifiki. Ya 5 inaambulia volti 0.1. Niambieni, polepole iko wapi hapo mwanzoni? Kiswahili kinapokariri "pole" mara mbili kinatuambia mwendo ni uleule wa kinyonga tangu kuanza hadi kumaliza. Ndoo iliyo chini ya bomba linalochuruzika hujaa polepole, kwa sababu bomba halijali ndoo imefika wapi. Kapasita siyo ndoo. Kinachousukuma mkondo ni tofauti kati ya volti za betri na zile ambazo kapasita imekwisha kuzipata. Tofauti ikipungua, mkondo nao unanywea. Kapasita inajizibia njia yenyewe.

Tena, badilisha rezista hiyo uweke ya omu 100. Zidisha omu kwa faradi: awali ulipata sekunde 1, sasa unapata sekunde 0.01. Katika kila kipindi cha namna hiyo kapasita hufidia takriban asilimia 63 ya pengo lililobaki. Vipindi vitano ni sekunde 0.05, hujawahi hata kuondoa kidole kwenye swichi. Na bado kuna atakayeandika kwamba ilichajiwa "polepole"!

Msinikimbilie na "taratibu", ni ndugu yake yuleyule. "Hatua kwa hatua" ndiyo mbaya zaidi, kwani mchoro wa volti hizo ni mkunjo laini usio na ngazi hata moja. Kama mnataka kusema kweli, maneno yapo na hayana gharama: "Kapasita ilianza kuchajiwa kwa kasi, kisha kasi ikapungua kadiri volti zake zilivyokaribia zile za betri." Ni ndefu, nakubali. Mwenye haraka aandike "ilichajiwa" na aishie hapo. Asiyesema kitu hajadanganya.

Kuhusu "hadi ikajaa", kwa hesabu kali kapasita haijai kamwe, kwa sababu kila kipindi huacha kipande cha pengo. Lakini mafundi wamekubaliana kwamba vikipita vipindi vitano, ikiwa imebakiza chini ya asilimia 1, waiite imejaa. Hilo nimewaachia. Kwa volti 8.94 kati ya 9, hata mimi nachoka kubisha.