Maswali ya wasomaji: vyombo vya kuanzia kupika bia nyumbani

SWALI: Ndugu mhariri, naishi Umoja, nyumba ya vyumba viwili, na nataka kujifunza kupika bia ya shayiri. Nimeona seti za lita 23 zinazoagizwa kutoka Uingereza, na fundi wa Kamukunji yuko tayari kunifulia sufuria ya ukubwa wowote. Jiko langu ni meko ya kilo 6. Nianze na nini?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na lita 10. Meko haiwezi kuchemsha lita 25 zikatokota vizuri, na sufuria ya uzito huo juu ya mtungi huyumba na kuanguka. Hata kwa lita 15 tungekusihi utafute jiko la mezani, mtungi ukae kando na mpira wake.

Ili upate lita 10 za bia utahitaji maji lita 15 na kimea cha shayiri (shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa) kilichosagwa chengachenga, kilo 2.2. Kimea hunywa lita mbili, mvuke huondoka na mbili na zaidi kidogo, na mashapo hubaki na chake. Kwa hiyo mwambie fundi akufulie sufuria ya lita 20, yenye mfuniko. Aluminiamu inafaa kabisa. Ila usiisugue ndani kwa stilwulu hadi ing'ae, maana ule utando wa kijivu ndio kinga yake. Pipa la mabati kataa hata ukipewa bure. Bia ina asidi, nayo huyeyusha zinki ya mabati ikaingia kwenye kinywaji.

Kimea kiloweke ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi cha pazia, kwenye joto la nyuzi 66, saa nzima. Hapo ndipo kipimajoto kinapolipa gharama yake. Kikikudanganya na joto likazidi kwa nyuzi sita tu, utapata bia nzito yenye utamu usiochachuka. Kijaribu kwenye barafu inayoyeyuka: kisome 0. Kwenye maji yanayochemka hapa Nairobi kitasoma karibu 94, si 100, kwa sababu tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Usikirudishe dukani, ni kizima. Kwa sababu hiyo hiyo hopsi, yale maua yanayochemshwa ili kuipa bia uchungu, hutoa uchungu wake polepole zaidi. Mapishi yakisema dakika 60, sisi huchemsha 75.

Ndoo ya kuchachushia iwe ya plastiki ya chakula, mpya, ya lita 15 ili povu lipate nafasi. Tazama kitako chake: pembetatu yenye namba 2 au 5. Ndoo iliyokuwa na mafuta ya kupikia huua povu la bia, na iliyokwaruzwa huficha vijidudu ambavyo hakuna dawa itakayovifikia. Toboa mfuniko, pitisha mpira mwembamba uliobana, mwisho wake uzame kwenye chupa ya maji. Gesi itatoka, hewa haitaingia. Ukiufunga kabisa, mfuniko utaruka.

Ukibakiwa na pesa, nunua haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo, kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye maji ya nyuzi 20 husoma 1.000. Bia yako ikianza 1.044 na kuishia 1.010, toa, kisha zidisha tofauti kwa 131: kileo ni karibu asilimia 4.5.

SWALI: Chupa zangu tatu zimepasuka kabatini. Nilitia kijiko cha sukari kila chupa. Je, ninunue chupa nene zaidi? (Kasarani)

JIBU: Ndugu yetu, zilizobaki zifunike kwa blanketi zito, vaa miwani na glavu, uzitie kwenye friji. Kosa huenda si chupa. Kijiko hakipimi: kimoja hubeba gramu 3, kingine 6. Pima gramu 60 kwa lita 10 nzima, yeyusha kwa kikombe cha maji yanayochemka, kisha changanya ndoo yote taratibu bila kuipiga hewa. Na usitie chupani mpaka haidromita isome namba ile ile siku tatu mfululizo. Mapovu kukoma si ushahidi kwamba chachu imemaliza kazi.

Chupa za kahawia zinazorudishwa baa ndizo imara, tena huzuia mwanga unaoharibu hopsi. Zile za kufunguliwa kwa kuzungusha hazizibiki vizuri kwa mashine ya mkono ya kufungia vizibo. Jaza na chupa moja ya plastiki ya soda: ikiwa ngumu ukiiminya, gesi imetosha.

SWALI: Nahitaji leseni?

JIBU: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa kutengeneza kileo, si kwa kuuza tu. Pitia ofisi ya leseni ya kaunti kabla ya kununua hata ndoo.

SWALI: Mtaani kwetu Embakasi maji ni ya mgao. Napozaje sufuria bila koili ya shaba inayomwaga maji saa nzima?

JIBU: Koili iache. Weka sufuria ndani ya karai lenye maji na barafu, ubadilishe maji mara mbili, uyatumie kufulia. Au ifunike ikiwa ya moto na uiache hadi asubuhi. Chachu isitiwe mpaka joto lishuke hadi nyuzi 20. Hamira ya mkate itachachusha pia, lakini hukawia kutulia chini na huleta ladha ya karafuu.

Maji ya bomba yachemshe dakika 15 siku iliyotangulia. Klorini ikikutana na kimea huleta harufu ya dawa ya hospitali. Ya kisima, hapa Nairobi, mara nyingi yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Kusafishia ndoo, mililita 4 za dawa ya klorini isiyo na manukato kwa lita moja ya maji, dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Usiichanganye na siki: hutoa gesi ya sumu. Sufuria ya aluminiamu isiguswe na dawa hiyo, itapata madoa meusi na vitundu.