Mpeleke Mama Mkwe Mjini Akiwa Ameshiba

Juma lililopita msomaji mmoja wa Iringa aliniandikia akiomba nimsaidie kupanga siku moja ya kuwatembeza wazazi wake na watoto wawili jijini Dar es Salaam, na akaambatanisha orodha ya sehemu tisa alizokusudia kuzifikia kati ya asubuhi na machweo. Niliisoma mara mbili, kisha nikaiweka simu chini, kwa sababu haikutofautiana sana na ile niliyoiandika mimi mwenyewe Desemba iliyopita nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu, na siku iliyozaliwa na orodha yangu bado inaniuma.

Tulikuwa sita: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe, ambaye ana umri wa miaka sabini na moja na anatumia dawa za kisukari. Wengi wetu tunaoishi mikoani tunapofika Dar hutaka kuimaliza yote kwa siku moja, kana kwamba jiji litahamishwa kesho yake, nami sikuwa tofauti. Nilikuwa nimeahidi Kijiji cha Makumbusho, Kariakoo, chakula cha mchana mbele ya bahari, Makumbusho ya Taifa, Soko la Samaki la Feri, pantoni ya kwenda Kigamboni, Daraja la Tanzanite na mihogo ya Coco Beach. Chakula nilikipangia saa nane, si kwa sababu yoyote ya maana, bali kwa sababu nafasi hiyo ndiyo iliyobaki tupu kwenye daftari.

Tulitoka Morogoro kwa basi alfajiri, tukashuka kituo cha Magufuli pale Mbezi, tukachukua teksi hadi Kijiji cha Makumbusho. Huko kulikuwa kuzuri, na mama mkwe alitumia muda mrefu mlangoni mwa msonge wa Wahaya akiwaeleza wajukuu jinsi nyasi zinavyofungwa, hata nikaanza kutazama saa na kumharakisha. Hilo ndilo kosa la kwanza ninalolikiri hapa, kwamba nilimkatiza mwanamke aliyekuwa akifurahi ili nimpeleke mahali ambapo hakuwa ameomba kwenda. Kutoka hapo tuliingia Kariakoo katika juma la Krismasi. Anayeifahamu Kariakoo ya Desemba hahitaji maelezo zaidi, na asiyeifahamu aelewe tu kwamba tulishikana mikono kama watoto wa chekechea na bado mwanangu wa pili alipotea kwa dakika saba.

Tulipofika mkahawani ilikuwa saa tisa kasorobo, kwa kuwa foleni ya kuelekea upande wa Msasani haikuijali ratiba yangu. Mkahawa wenyewe sitautaja. Ulikuwa na vitambaa vyeupe mezani na upepo mzuri wa bahari, na nilikuwa nimeuchagua kwa picha zake, nikitaka wifi yangu anayeishi Mbezi aone kwamba na sisi wa Morogoro tunajua kula mahali pa heshima. Mama mkwe aliuliza kama kuna ugali na samaki wa kawaida, kijana wa kuhudumia akajibu kwa adabu kwamba ugali huandaliwa kwa oda maalumu, basi tukaagiza kilichokuwamo kwenye orodha yao, tukasubiri. Tulisubiri saa nzima na dakika ishirini.

Katika kusubiri huko nilimwona mama mkwe akijifuta jasho jembamba ilhali upepo ulikuwa wa kutosha, mikono ikimtetemeka, na nilipomsemesha akanijibu neno lisilohusiana na nililouliza. Sukari ilikuwa imeshuka. Alikuwa amemeza dawa yake asubuhi, akanywa chai na kipande kimoja cha mkate, kisha mimi, mkwe wake msomi, nikamtembeza juani hadi alasiri bila kumtilia kitu tumboni. Mume wangu alikimbilia kaunta akarudi na soda ya kawaida yenye sukari, mama akainywa taratibu, na baada ya robo saa hivi akaanza kututambua tena vizuri. Chakula kilipokuja, kitinda mimba wetu alikuwa amelala juu ya meza, na hakuna aliyekuwa na hamu nacho. Bili nayo ikaja: chakula shilingi 150,000, na chini yake VAT ya asilimia 18, yaani shilingi 27,000 ambazo hazikuwamo katika bei nilizozisoma wala katika bajeti yangu.

Sehemu tano zilizobaki hatukuziona. Ndani ya basi la kurudi, mama mkwe alisema kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali, "Mwanangu, mimi ningebaki kwangu nikapalilia mchicha wangu." Usiku huo wifi akaandika katika kundi la familia, mbele ya shangazi na mabinamu wote: "Hivi mama mlimpeleka kutembea, au mlimpeleka kumpima uvumilivu?" Watu kumi na mmoja walicheka. Niliwahesabu.

Nilikaa na maneno hayo miezi minane. Katika muda huo nilielewa jambo moja ambalo ndilo ushauri wangu wote kwa msomaji wa Iringa, na akilishika hili mengine anaweza kuyaacha: siku ya familia mjini hupangwa kwa kuanzia na chakula. Andika kwanza nani atakula nini, wapi na saa ngapi, ukimfuata yule mwenye tumbo lisiloweza kungoja, awe mzee mwenye dawa au mtoto wa miaka minne, ndipo uangalie ni vivutio gani viko jirani na sahani hizo.

Mwezi wa nane tulirudi, safari hii kwa treni ya SGR, ambayo tangu ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi wa sita mwaka 2024 imeifanya safari hiyo kuwa ya chini ya saa mbili. Tulibeba vitumbua na chupa ya chai, na mama mkwe alikuwa amekwisha kula kabla hatujaondoka. Stesheni ya Dar iko mjini kabisa, hivyo tulitembea polepole hadi kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, tukakaa kivulini tukizitazama meli zikiingia bandarini. Hakuna aliyeharakishwa.

Saa tano tulikuwa Feri. Hapo ndipo siku ilipopatia ladha yake, maana mama mkwe alikataa nisimame mbele yake, akawakabili wauza samaki mwenyewe, akafungua mashavu ya changu mmoja baada ya mwingine kutafuta wekundu, akawaambia vijana wawili kwamba samaki wao walilala, na mwishowe akanunua changu wanne na pweza kwa bei aliyoitamka yeye. Tuliwapeleka kwa wakaangaji wa pale pale, tukalipia ukaangaji, tukaongeza ugali na kachumbari, na saa sita kabla ya adhana watu sita walikuwa wameshiba kwa gharama isiyofikia theluthi ya ile bili ya Desemba. Vitambaa vyeupe havikuwapo. Benchi liliyumba, na harufu ya soko ni harufu ya soko, kwa hiyo anayejali viatu vyake avivue nyumbani avae makubazi.

Baada ya kushiba tulichukua bajaji mbili hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Jengo lina vivuli, lina vyoo, na lina mambo ya kuwazungumzisha babu na mjukuu kwa pamoja. Watoto walisimama kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na mama mkwe akatamka kwamba kwa taya lile huyo bwana alikuwa akila vizuri. Magari yaliyowahi kutumiwa na viongozi wa nchi yalimshika mume wangu kwa muda ambao ningeweza kuulalamikia, lakini nilinyamaza. Bustani ya mimea haiko mbali na hapo, tukapumzika chini ya miti. Tulipita pia kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha saa kumi na moja tukala mishikaki na bhajia Kisutu kabla ya kurejea stesheni. Sehemu zetu zote zilikuwa upande mmoja wa jiji.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Iringa, na dada zangu mnaobeba lawama za familia nzima kila safari inapoharibika, futeni sehemu sita kati ya tisa. Ulizeni kabla ya kukaa kama bei zina VAT ndani yake na chakula kitachukua muda gani, na jibu likiwa la kusitasita, nyanyukeni, hakuna aibu. Mbebeeni mgonjwa wenu wa kisukari kitu kitamu mkobani hata kama ameapa kwamba yuko salama. Na acheni kuchagua mkahawa kwa ajili ya mtu ambaye hatakula nanyi, kama nilivyofanya mimi kwa ajili ya wifi.

Picha ya safari ya pili aliituma mama mkwe mwenyewe kwenye kundi, akiwa amekaa kwenye benchi la Feri, mkono mmoja una tonge na mwingine umeshika kichwa cha changu. Shangazi walimsifu. Wifi aliuliza tu changu mmoja tulimnunua kwa shilingi ngapi. Sijamjibu mpaka leo.